Mtoto ana pumu na mnaishi nyumba ya kupanga: jinsi ya kupunguza moshi, vumbi na ukungu ndani

Nyumba tunayokaa huku Mbagala, Dar es Salaam, ni ile ya Kiswahili ya kawaida kabisa, korido katikati, vyumba huku na huku, choo na bomba uani, familia saba, na mwanangu wa pili ana pumu tangu ana miaka mitatu. Miaka miwili mizima nlikuwa nahangaika na chumba changu tu, nafuta vumbi, nafua mapazia, zulia nimetoa, na bado ikifika saa tisa saa kumi usiku mtoto anaamka na kile kikohozi kikavu na kifua kinalia kama filimbi. Nlichokuja kukielewa baadae ndo nataka mwenzangu akijue mapema: chumba unafunga na kitasa chako lakini hewa mnagawana, kuta zetu nyingi hazifiki kwenye bati na dari hamna, kwahiyo jiko la chumba cha tatu likifuka moshi unapita juu kwa juu unashukia kitandani kwako. Unaanza kwako, sawa, ila usiishie kwako.

Kabla hujanunua chochote, wiki mbili za kwanza kuwa mpelelezi tu. Chukua daftari la shule, kila mtoto akikohoa au kifua kikibana andika saa ngapi, na andika kilichokuwa kinaendelea nyumbani: nani kawasha jiko wapi, kama mvua ilinyesha, kama mlifagia, kama mtu kachoma dawa ya mbu, kama jirani kachoma taka. Pumu kila mtu na kinachomchokoza, wa kwangu sio wa kwako, kuna mtoto vumbi halimfanyi kitu ila manukato dakika mbili tu yuko chini. Daftari la kwetu lilitoa vitu viwili wazi kabisa ambavyo kichwani nsingevijua, siku za mvua (majiko yote yanahamia koridoni) na Alhamisi usiku (udi). Kingine, usiku zima taa alafu washa tochi ya simu uipige kwa pembeni, utaona hewa unayovuta ina nini ndani yake, mi nlikaa kitandani nikaangalia yale mavumbi yanavyoelea juu ya uso wa mtoto aliyelala na sikulala tena. Na chukua kitambaa cheupe kilichowekwa maji futa juu ya mlango na juu ya mbao za paa, kikitoka cheusi ni masizi, na masizi hayo hayaishii kwenye mbao, na mapafuni yanaingia.

Sasa jiko, hapa ntakaa sana kwasababu ndo mzizi wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majiko ya ndani uliua watu milioni 3.2 kwa mwaka 2020 duniani, na wamama na watoto wadogo ndo wanaoumia zaidi maana ndo wanaokaa karibu na jiko. Kuwasha mkaa kwa mfuko wa nailoni, kipande cha kandambili, au kumwagia mafuta ya taa, acheni jamani, ule moshi mweusi wa plastiki una sumu ambazo hata mtu asiye na pumu zinamkereketa koo. Washa kwa vijiti vikavu au makaratasi, nje, jiko likae nje mpaka mkaa ushike wote.

Lakini kuna kosa kubwa tunalifanya wengi na mi nlilifanya. Watu wanasema mkaa ukishakuwa mwekundu moshi umeisha, ingiza ndani. Moshi unaouona ndo umeisha, ila mkaa mwekundu unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ukifunga mlango na dirisha inakulewesha taratibu, kichwa kinauma, kichefuchefu, miguu inakosa nguvu, na ukilala huamki. Usiku mmoja wa masika mvua inapiga, maharage hayajaiva, nikaliingiza jiko ndani nikafunga dirisha maji yasiingie. Baada ya kama saa moja mtoto mkubwa akaniambia mama kichwa, mdogo anatapika, mi mwenyewe nasimama naona ukuta unazunguka, nikajua tu kitu hakiko sawa nikafungua mlango tukakaa uani mvuani mpaka akili zikarudi. Kwahiyo jiko la mkaa halilali ndani na watu, hata kama ni baridi, hata kama ni mvua, hata kama limebaki majivu tu yanayofuka.

Kama uwezo upo hata kidogo, punguza mkaa, sio lazima uuache siku moja. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, ila wewe usisubiri 2034 mtoto anakohoa leo. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 utumie kwa yale mapishi ya ndani ya haraka, chai ya asubuhi, uji, mayai, kupasha kiporo, maana hayo ndo mtoto anakuwepo ndani amelala, alafu maharage na makande yabaki mkaani uani. Siku hizi mjini kuna na gesi ya mita unalipia unavyotumia kwa simu, kwa sisi tunaonunua mkaa kwa kopo hiyo inatufaa kwasababu hela ya kujaza mtungi mzima kwa mkupuo ndo inayotushinda. Nyumba yenye luku (mita ya umeme wa kulipia kabla), sufuria la umeme la presha linapika maharage kwa umeme mdogo, kwa kawaida halimalizi hata uniti moja, shida ni kulinunua na ile luku ya kuchangia, mtakubaliana. Jiko la mchina la mafuta ya taa sio mbadala jamani, linatoa masizi na harufu vilevile, na kibatari ndo kabisa. Na gesi nayo ikiwaka inatoa hewa yake inayokera mapafu, dirisha linafunguliwa ukipika. Kuangalia kama mpira unavuja paka povu la sabuni kwenye maungio, likitoa mapovu yanayokua funga mtungi, usitumie kiberiti kuangalia.

Hewa kupita. Dirisha moja halipitishi hewa vizuri, hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea. Washa mshumaa uzime, moshi wake utakuonyesha hewa inaelekea wapi, zunguka nao chumba kizima, pale moshi unaposimama wima hauendi popote ndo hewa imelala, na kwangu palikuwa juu ya kitanda cha watoto kabisa. Tulihamisha kitanda, hela haikutoka hata mia. Pia angalia yale matundu ya juu ya dirisha, mengi tumeyaziba na matambara kwa ajili ya panya na mbu, toa matambara weka wavu wa chuma kwa nje na wa mbu kwa ndani. Fungua asubuhi na wakati wa kupika, ila kama jirani anachoma taka muda huo funga, fungua baadae, tumia akili usifuate sheria tu. Na feni ifutwe mapanga yake, feni chafu inamwagia mtoto vumbi la mwezi mzima.

Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mviringo. Wataalamu waliipima wakakuta coil moja ikiungua mpaka mwisho inatoa chembechembe laini za moshi sawa na sigara 75 mpaka 137. Soma tena hiyo namba. Tulikuwa tunaiweka chini ya kitanda cha mtoto wa pumu! Lakini nisieleweke vibaya, malaria inaua, usitoe coil ukamwacha mtoto aliwe na mbu, weka chandarua chenye dawa kwanza, weka wavu dirishani, ndo utoe coil. Ukiitaka kwa ajili ya barazani jioni, ichome nje huko barazani. Dawa ya kupuliza nayo kama lazima upulize, puliza mchana mtoto hayupo, fungua kila kitu, arudi harufu imeisha kabisa.

Udi na ubani ni jambo gumu kulisema pwani. Nimekulia kwenye nyumba inayonukia udi, chetezo cha bibi yangu nnacho mpaka leo, na sitamwambia mtu auache. Ila moshi ni moshi, mapafu ya mtoto hayajui huu ni wa heshima. Tunachofanya sasa: fukiza nguo na chumba wakati mtoto yuko shule au kwa shangazi yake, milango wazi, arudi saa mbili tatu baadae, harufu inabaki kwenye nguo na moshi umeshatoka. Bibi wa chumba cha mwisho ambaye anafukiza kila Alhamisi nlimfuata nikamwambia bibi shikamoo, naomba unisaidie, sio nikamwambia udi wako unamuumiza mwanangu, akaniambia mwanangu mbona hukusema siku zote, na toka hapo kabla ya kuwasha anamwita mtoto akakae na wenzie nje.

Kitandani. Kuna vijidudu vya vumbi vidogo huvioni kwa macho, vinakula magamba ya ngozi yetu yanayodondoka na vinapenda unyevu, na Dar unyevu hatununui. Kinachochokoza pumu ni kinyesi chao. Ile nailoni inayokuja na godoro jipya watu wanaichana haraka, iache, au nunua kava la plastiki lenye zipu, tandika shuka mbili juu yake ili joto lisizidi. Mto wa sufi wa zamani mtoto wa pumu asilalie. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, moto kweli wa nyuzi 55 kupanda, uziache ziloweke humo, maji ya uvuguvugu yanavisafisha tu hayaviui. Godoro lianikwe juani kutwa nzima, ligeuzwe, na kulipiga fimbo apige mtu mwingine mtoto akiwa mbali. Midoli ya manyoya abaki nayo mmoja tu na huo ufuliwe. Zulia toa weka mkeka. Kufagia kavu ndo kunarusha vumbi lote hewani, nyunyiza maji kwanza kama ni sakafu ya udongo au saruji, au piga deki, na mtoto asiwepo.

Ukungu, hapa wengi tunapaka rangi juu yake tukidhani tumemaliza. Ule weusi wa kona ya ukuta na ile harufu ya nguo mbichi ni fangasi wanaotoa mbegu zao hewani, na rangi hawaiogopi wanatokea tena baada ya wiki kadhaa. Tafuta maji yanatoka wapi. Bati limetoboka? Bomba linavuja? Maji ya bafuni yanapita ukutani? Au ni nyie mnaanika nguo ndani masika yote? Ziba hilo kwanza, alafu sugua kwa maji ya sabuni na brashi ukiwa umefunga kitambaa puani, kausha kabisa, ndo rangi. Kabati na kitanda visigusane na ukuta, acha upana wa kiganja hewa ipite nyuma. Na nikishafika kwenye usafi niseme hili kwa herufi kubwa: USICHANGANYE JIKI NA DAWA YA CHOO. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, na choo chetu cha uani ni kidogo hakina hata dirisha, dada mmoja hapa kwetu alichanganya ili choo kitakate akatoka anatambaa.

Mende na panya ni vichokozi vikubwa, mkojo wa panya na mabaki ya mende yakikauka yanakuwa vumbi mnavuta. Vyombo visilale vichafu, unga na sukari kwenye ndoo yenye mfuniko, nyufa ziba kwa saruji. Ile dawa ya mende iliyo kama gundi, ya kwenye bomba la sindano, unayodondosha kwenye kona ni bora kuliko kupuliza. Ile chaki ya mende wanayotembeza barabarani usiinunue, inafanana na chaki ya shule na mtoto ataishika tu aiweke mdomoni.

Sigara sina mengi. Anayevuta avutie nje ya geti, sio mlangoni, na akirudi anawe na abadilishe shati kabla hajambeba mtoto.

Haya yote hayachukui nafasi ya dawa. Pumu haiambukizi, na inhela, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, haimfanyi mtoto teja, hayo maneno yamewachelewesha watoto wengi. Mara nyingi ya bluu ni ya kufungua kifua akibanwa na ya kahawia ni ya kuzuia, ya kuzuia inatumika kila siku kama daktari alivyoandika hata akiwa mzima. Ukiona ya bluu inatumika zaidi ya mara mbili kwa wiki rudi kliniki, pumu haijatulia. Mtoto mdogo inhela peke yake dawa inaishia mdomoni, anahitaji spesa, yaani chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo, na ya dukani bei yake inakatisha tamaa, ila madaktari wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi hiyo. Pasha waya toboa tundu kitakoni mwa chupa, lenye umbo lilelile la mdomo wa inhela, uingie kwa kubana, pembeni ziba kwa gundi au plasta. Ioshe kwa sabuni ya vyombo iache ikauke yenyewe bila kuifuta, ukiifuta plastiki inavuta dawa inang'ang'ania ukutani mwa chupa. Tikisa inhela, mdomo wa chupa kwa mtoto midomo ikiwa imebana, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi mara nne, alafu tena, mpaka zifike nne. Subiri dakika nne, kama bado rudia na anza safari ya hospitali. Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, au midomo inageuka rangi, usisubiri dakika yoyote, bodaboda au bajaji muda huohuo huku unaendelea kumpa njiani.

Sasa kwa wapangaji wenzio. Usiitishe kikao siku mtoto kabanwa na una hasira. Anza na mtu mzima wa nyumba, kwetu ni bibi yule yule, yeye ndo akamwambia mama mwenye nyumba, ndo tukakaa uani Jumapili jioni. Nlibeba daftari langu nikasoma tu tarehe na mvua na kikohozi, sikutaja jiko la mtu. Kabla sijamaliza kaka wa chumba cha mbele akasema mbona na mke wangu anakohoa siku hizohizo, mwingine akasema macho yanamuwasha mwaka mzima, ikawa sio jambo la mwanangu tena. Omba vitu vichache vinavyowezekana. Tulitoka na hivi: hamna jiko koridoni hata mvua inyeshe, taka hazichomwi uani tunachanga hela ya guta linalozipeleka dampo, Jumamosi ya mwanzo wa mwezi magodoro yote nje, na tunajenga banda la kupikia. Kama moshi unatoka nyumba ya pili, kwa mfano anachoma matairi au anapuliza rangi magari dirishani kwenu, muende wawili watatu mkazungumze nae kwanza, akikataa ndo kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, mkiwa na tarehe zenu mmeandika.

Banda ni nguzo nne na bati chache, hatukulizungushia ukuta, likifungwa pande zote inakuwa palepale tu umehamisha moshi toka koridoni kwenda kwenye mapafu ya mpishi. Paa liinue lisimfikie mtu kichwani, bati za juu ziachane kidogo na zingine moshi utokee. Na pa kuliweka usikisie. Huku kwetu kusi inavuma toka kusini mashariki na kaskazi toka kaskazini mashariki, zote zinatokea upande wa baharini, kwahiyo sisi banda tumeliweka upande wa magharibi wa ua, moshi ukipanda unaondoka na upepo hauturudii vyumbani. Tulitaka kulijenga kwanza upande wa pili kwasababu pana kivuli, mzee mmoja fundi wa ngalawa akatuzuia, akafunga uzi wa nailoni kwenye fito akatuambia uangalieni asubuhi na jioni siku tatu ndo mchimbe mashimo. Fungeni uzi na nyie kwenu, muangalie na alfajiri pia maana saa hizo upepo unaweza kutoka bara, na kama ua wenu umebanwa na ghorofa la jirani upepo unageuka kabisa.